Nimeshindana na gari leo

Jamani, leo nimelishinda gari, na champali miguuni!

Mlioniambia niache kutembea, someni hapa, nawaandikia kwa kompyuta ya ofisini kabla mkubwa hajarudi.

Shemeji yangu wa Kizingo, ambaye hata dukani huenda kwa gari, alinicheka. "Kwa miguu kutoka Bondeni hadi bustani ya Ngomeni? Nitakungoja mpaka nilale."

Tukaondoka Bondeni wakati mmoja, yeye garini, mimi kwa miguu.

Nikakata vichochoro vya Mji wa Kale mbiombio. Nikampita bibi mmoja kibarazani bila hata salamu.

"Wee! Mtoto wa nani wewe, wapita kama mwizi?"

Aibu gani hiyo! Nikarudi, nikamwamkia, nikamtajia baba, mama, hadi nyanya. Dakika zaniishia, naye ndiyo kwanza auliza hali ya mjomba.

Mwishowe: "Na mbio hizi za wapi?"

"Ngomeni, bibi."

"Sasa wazungukiani? Pita humu ndani."

Kumbe nyumba ina milango miwili! Nikaingia wa mbele, nikatokea wa nyuma, na ukuta wa Ngome huo hapo.

Shemeji alifika jasho tele, amezunguka akitafuta pa kuegesha. Mimi dafu langu nimeshalimaliza.

"Wewe umepita njia gani?"

Nikamwambia, "Ya salamu."