Akina Mama Kumi na Mmoja wa Jumatano

Gaudiosa hakai. Mtu akikuuliza Gaudiosa wa kituo chetu cha afya yukoje, anza na hilo. Chai anakunywa amesimama, simu akiongea anazunguka jengo zima, na kompyuta ikichelewa kufunguka anaipiga kofi kama mbuzi aliyeingia shambani. Ni mzaliwa wa hapa hapa, juu kidogo ya Mbamba Bay, na kazi yake ni kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mimi ni Eunice, nesi wa kliniki ya wajawazito. Miaka sita tumekaa chumba kimoja, kwa hiyo ninachosema nakijua. Nampenda, lakini ananichosha.

Mwaka jana mkuu wetu alitangaza kwamba tunaachana na makaratasi. Madaftari yakafungiwa stoo, kila kitu kikaingia kwenye mfumo: majina, tarehe za kujifungua, namba za simu, majibu ya maabara. Tulitamba sana kwa wenzetu. Kisha Jumatatu moja fundi Placidi akateremka kutoka Mbinga mjini, akatuwekea toleo jipya la mfumo, akala samaki wake, akarudi zake. Kufika Jumatano tukagundua toleo jipya limesogeza tarehe zote mwezi mmoja mbele. Mama wa kujifungua wiki hii anaonekana wa mwezi ujao.

Jumatano hiyo ilikuwa kliniki. Walikuja wajawazito kumi na mmoja, nikawapima matumbo, Meshack wa maabara akawatoa damu, wakaondoka kuwahi usafiri. Jioni Meshack akachungulia mlangoni. "Dada Gaudiosa, kuna mmoja wingi wa damu yake ni sita. Nimeshaingiza. Mpigie aende hospitali Mbinga mapema."

Sita si mchezo. Mwenye damu sita akijifungulia nyumbani, akitokwa na damu kidogo tu, tunazika. Gaudiosa akasema sawa, kesho asubuhi, ngoja kwanza anyooshe hizi tarehe. Mimi nilikuwepo na nilisikia. Sikusema neno, nilikuwa natafuta viatu vyangu niende nyumbani.

Alhamisi asubuhi akampigia Placidi. Placidi akamweleza taratibu: ondoa toleo jipya, weka la zamani. Ila la zamani haliwezi kusoma data ambazo jipya limeshazigusa, kwa hiyo rudisha ile bakapu, nakala ya akiba tuliyochukua Jumatatu kabla sijaweka kitu.

"Lakini dada, kabla hujairudisha, nakili kwanza data zilizopo sasa. Ukirudisha ya Jumatatu inaifunika hii, na yote mliyoingiza tangu hapo yanapotea. Ukinakili, tutayaingiza upya. Umenielewa?"

Alielewa. Akachomeka flashi, ikasema imejaa. Imejaa nini? Nyimbo za kwaya. Jumapili ilikuwa sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa parokia yetu, na mama Ottilia, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa amemkabidhi Gaudiosa rekodi zote za mazoezi. Huku kwetu unaweza kugombana na mkuu wa kituo na maisha yakaendelea. Zifute nyimbo za kwaya siku tatu kabla ya somo, uone kama kuna atakayekupa hata salamu. Gaudiosa akaiangalia flashi, akanitazama mimi, akaichomoa.

"Ni data za siku tatu tu," akasema. "Nitaziingiza kwa kichwa." Akabonyeza.

Kumbe kwenye kompyuta yenyewe nafasi ya kunakili ilikuwepo tele. Placidi alimwambia hivyo baadaye, na Gaudiosa akakata simu bila kuaga.

Mfumo ulifunguka vizuri, tarehe zimenyooka. Gaudiosa akapiga makofi. Kisha akamtafuta yule wa damu sita ampigie, na Jumatano haikuwepo. Majina hakuna, namba hakuna, majibu hakuna. Wajawazito wa zamani walikuwemo wote, ila nani kati yao alikuja Jumatano haikuonyesha. Meshack naye hakukumbuka, maana yeye macho yake huwa kwenye vichupa, na vichupa alishavimwaga. Hapo nikawaka. Nilimfokea Gaudiosa mbele ya wagonjwa, nikamwambia ameua mtu kwa ajili ya soprano na besi. Kufoka sijutii. Neno "ameua" nalijutia.

Gaudiosa alikwenda stoo akarudi na daftari tupu. "Taja sura," akaniambia.

Nikataja. Yule mrefu wa mapacha, yule aliyekuja na mama yake, yule anayeogopa sindano. Gaudiosa akawapigia makatekista wa vigango vyote vya ufukweni na vya mlimani, akiwauliza nani kijijini alikwenda kliniki Jumatano, huku anatembea mpaka soli inalia. Kufika Ijumaa jioni tulikuwa na tisa, wote wamepimwa tena, wote wazima. Mmoja wao alikuwa ameshapanda kwa mumewe Kitura, kule mlimani, akapimiwa huko huko. Jumamosi asubuhi tukampata wa kumi sokoni Mbamba Bay, damu yake kumi na mbili.

Akabaki mmoja, na kwa hesabu hiyo ndiye. Nilimkumbuka sura: binti mwenye mwanya, mimba ya kwanza, kwetu ndiyo kwanza aje, siku zake zimekaribia mno. Kijiji ni Lipingo. Jina halikunijia, na simu ya katekista wa Lipingo ilikuwa haipatikani tangu Alhamisi.

Tukapanda bodaboda watatu, dereva, Gaudiosa na mimi, na kipimo cha damu cha Meshack mapajani mwangu. Mgongo wangu acha tu. Gaudiosa alimgonga dereva bega kila kona, ongeza, ongeza, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita sikumwambia atulie. Nilikuwa naogopa kukuta turubai la msiba uani.

Hatukukuta turubai. Katekista alituonyesha nyumba, na binti mwenyewe, Lidia, alikuwa nyuma akigeuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja, tumbo limeshuka.

"Shikamoo nesi," akaniambia, anatabasamu. Nikamchoma kidole hata kabla ya kumaliza marahaba yangu. Sita.

Gaudiosa akamsogelea. "Mdogo wangu, majibu hukuyapata, mbona hukuja hata kuuliza?"

Lidia akanitazama mimi, kwa adabu, kama anaogopa kunichongea. "Nesi ndiye aliniambia. Alisema majibu yakiwa mabaya nitapigiwa Alhamisi, nikiona kimya nijue niko salama. Alhamisi nilikaa na simu ya mama mkwe kutwa nzima, mfuko wa kwenda hospitali nimeshaufunga. Hamkupiga. Nikaufungua. Tukapanga nizalie hapa hapa."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Huwa nawaambia wote, miaka yote sita, nikiwaonea huruma wasipoteze nauli kuja kuulizia. Nikangoja Gaudiosa anifokee, maana ilikuwa haki yake, na watu walikuwa wameshaanza kujaa uani. Yeye akatoka kwenda kutafuta gari la kumpeleka binti Mbinga.

Khanga za mtoto zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, mpya, nne. Nikazianua moja moja, nikazikunja, nikaanza kuzirudisha kwenye ule mfuko wa hospitali.