Huduma kwa Jamii

Naibu wa chifu wetu hasemi tena "adhabu". Tangu arudi kutoka semina ya hoteli moja kule Milimani, neno hilo limemtoka kinywani kama jino bovu. Siku hizi ni "marekebisho", na kwenye baraza hulitamka polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayeonja supu. Mikono yake ni laini kama ya mtoto mchanga, haijui jembe. Inachojua ni kile kifimbo cha cheo, ambacho hukichovya udongoni nyuma ya watu waliohukumiwa kifungo cha nje, apime kama jembe limeingia sawasawa. Na wanalima wapi? Shambani kwake, bila shaka, huku juu Dundori, kwenye waru zake, viazi vyake vya kuuza.. Husema udongo humtoa mtu uhalifu. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe haugusi.

Wiki jana Nekoye, aliyehukumiwa kwa kupika pombe haramu ya chang'aa, aliinua mgongo. "Mzee, si kifungo cha nje ni kufagia dispensari?"

"Korti ilisema huduma kwa jamii," akajibu kwa ile sauti yake ya mahubiri, huku kifimbo kikielekea verandani, walikoketi mkewe na wanawe wakinywa chai. "Kwani hii si jamii?"

Nekoye akaitazama ile veranda. "Hata mimi, mzee," akasema, "hiyo chang'aa nilikuwa napikia jamii."

Naibu akafuta midomo kwa leso, akachovya kifimbo udongoni. "Hapa umeruka," akasema. "Rudia."