Mzungu wa Dirishani

Kakao iliyochachuka hainuki chokoleti, na mtu asikudanganye. Ina ukali wa siki na utamu wa ndizi mbivu zilizopitiliza, na ukiizoea utotoni huwezi kuisahau. Mimi kila nikiisikia nasikia pia magari yakinguruma, kwa sababu nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Kyela, vitu hivyo viwili vilikutana kila Jumapili mchana baada ya ibada. Nje mikeka ya kakao ilianikwa juani, na ndani televisheni iliwashwa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Msimu ninaoukumbuka zaidi ni ule nilipokuwa na miaka kumi na moja, mvua za masika zikielekea kukatika na mpunga ukianza kugeuka rangi mashambani. Baba alikuwa amenunua dishi mwaka ule, na dishi lile ndilo lililotuletea kipindi cha magari.

Kilikuwa kipindi cha Wazungu wawili, mmoja mrefu mwenye kitambi, mwingine mfupi asiyenyamaza. Kilikuwa kimeanza kuonyeshwa kabla sijazaliwa. Kazi yao ilikuwa kuyajaribu magari: waliyashindanisha, waliyavusha mitoni, na mara nyingine waliyaharibu makusudi huku wakichekana. Sijaona kipindi kilichogawanya watu kama kile. Baba, aliyekuwa akifanya biashara ya mchele na sabuni kupitia mpaka wa Kasumulu, alisema ni tangazo tu lililovishwa vichekesho, kwani hakuna anayesifia gari bure. Jirani yetu Bwana Lusekelo, fundi baiskeli aliyekuja na kigoda chake mwenyewe, alishikilia kwamba kila kitu kimepangwa. Aliuliza inakuwaje gari lizimike kila mara kamera ikiwa karibu, wakati baiskeli za wateja wake hukatika mnyororo porini pasipo shahidi. Babu mzaa baba hakukubaliana na yeyote. Alikuwa ameendesha lori la chama cha ushirika miaka mingi kwenye kona za Tukuyu, na aliwaona wale watu kuwa madereva wenzake. Gari likizamishwa mtoni alisonya kama mtu anayeona chakula kinamwagwa, lakini wakianza kuzungumza habari za breki aliinua mkono tunyamaze. “Hawa wanacheka, lakini wanajua,” alisema.

Shida ni kwamba sebuleni hapakuwa na mtu aliyeelewa wanachosema. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha mpakani, kinachotosha kuuliza bei na kuagana. Aliyekijua sawasawa ni Mama, aliyezaliwa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na kusoma huko mpaka sekondari. Na Mama hakuweza kuingia sebuleni babu akiwamo. Kwa mila yetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Tunaita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshalegeza. Babu hakulegeza, na Mama naye, nadhani kwa fahari, hakutaka isemwe kwamba mwanamke wa ng'ambo ndiye aliyeivunja. Pikapu ya babu ilipokunja kona kutoka kwake Busale, yeye alijitupia kanga kichwani akazungukia uani. Watu husema macho hayana pazia, lakini Mama aliyawekea yake pazia miaka yote ile.

Basi tukapata njia, bila mtu yeyote kuipanga. Mama aliosha vyombo chini ya dirisha la sebule, kwa nje, akisikiliza televisheni asiyoiona. Mimi nilikaa ndani, mgongo wangu ukiegemea ukuta wa dirisha hilohilo. Yeye alinong'ona, “Sema, Mzungu anasema tairi hizi hazifai kwenye matope,” nami nikapaza sauti, “Mzungu anasema tairi hizi hazifai kwenye matope!” Babu aliitikia, “Ndaga, Subilaga,” akinishukuru mimi, na kumsifu mjukuu wake kwa Kiingereza. Alijua vizuri maneno yanatoka wapi. Sote tulijua. Lakini ilikuwa adabu kutojua, na mimi nilivimba kichwa kwa sifa za elimu nisiyokuwa nayo.

Sababu nyingine ya kuvimba kichwa ilikuwa pikapu yenyewe. Siku za Jumamosi babu alinipitia, akaniketisha mbele, tukazunguka hadi Talatala kuwasalimu ndugu. Barabarani tulikuwa na mchezo wetu. Aliniuliza mbele kuna nini, nami nikamtajia: ng'ombe wawili upande wa kulia, mwanamke ana mzigo, baiskeli inakuja. Nikichelewa kujibu alipunguza mwendo hadi nijibu. Nilidhani ananipima akili. Nilimsimulia Mama mchezo huo kwa majigambo, akaacha kupepeta mchele, akanitazama kwa muda mrefu. Aliniuliza kama babu huniuliza pia vitu vya karibu. Nikasema ndiyo, hata kuku. Kuanzia wiki ile Jumamosi zangu zilijaa kazi: kuni, maji, kuvuna mahindi mabichi nyuma ya nyumba. Nilimchukia kidogo, niseme ukweli.

Jumapili iliyofuata, yule mrefu wa kwenye kipindi alimleta baba yake mzazi, mzee mwenye fimbo. Wakamsimamisha uwanjani na kumwambia asome kibao cha namba cha gari lililokuwa mbali kidogo. Mzee akakunja uso, akataja herufi, na watazamaji wa kule wakaangua kicheko. Kisha funguo zikaonekana zikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Sauti ya Mama ikaja dirishani, polepole kuliko kawaida: “Sema, Mzungu anasema mzee asiyeona kibao cha mbele yake akabidhi funguo mwenyewe, kabla hajaua mtoto wa mtu.” Nikafungua mdomo. Babu alikuwa amenigeukia, shingo imenyooka, akingoja kama mtu anayengoja hukumu. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe ambao nilikuwa nimeuona siku nyingi bila kuufikiria. Nikasema, “Mzungu anasema mzee huyu ndiye mwenye uzoefu kuliko wote. Apewe funguo.” Babu akapiga goti lake kwa kiganja. Nje, sufuria iligonga jiwe. Mama akarudia maneno yake, kwa ukali sasa, lakini bado kwa mnong'ono, kwa maana hangeweza kupaza sauti ikamfikia mkwewe. Nikajifanya sisikii. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema afanywe nini mjumbe anayebadilisha ujumbe.

Siku nne baadaye babu alikwenda Talatala peke yake, mimi nikiwa shuleni. Njiani mama mmoja alikuwa ameanika kakao pembeni mwa barabara kama watu wote wafanyavyo, na alikuwa ameketi mkekani pamoja na mtoto anayeanza kutambaa. Alikuwa ndiyo kwanza ameinuka na kumbeba mtoto kwenda kumpa maji. Pikapu ikapita juu ya mkeka. Ilivunja ndoo, ikasaga kakao, ikaendelea na safari. Babu hakukimbia. Hakuona kitu. Alipofika alisema barabara ya kule imezidi mashimo. Habari hizo zilitufikia kabla ya jua kuzama, na usiku Baba hakula. Lakini alipoulizwa na Mama kama atakwenda Busale kusema na baba yake, alijibu kwamba mtoto hamwambii mzazi wake kuwa ni kipofu. Mimi nililala nikiuona ule mkeka, na mtoto akiwa bado juu yake.

Jumapili babu alikuja kama kawaida, amevaa koti lake la kanisani. Bwana Lusekelo, ambaye siku nyingine hakosi la kusema, alikagua miguu ya kigoda chake. Baba alibadilisha betri za rimoti ambazo hazikuwa na tatizo. Kipindi kikaanza, kikafika katikati, likaja tangazo la sabuni, mwanamke anafua mashuka meupe huku akiimba. Hapo ndipo sauti ya Mama ilipokuja. Haikuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayezungumza, na ilikuwa mara ya kwanza sebule ile kuisikia babu akiwamo.

“Subilaga, mwambie babu yako, Mzungu anasema wiki iliyopita mtoto alitafsiri vibaya. Alifanya hivyo kwa mapenzi.”

Hakuna aliyegeuka dirishani. Wote tuliitazama sabuni. Nikarudia, neno kwa neno. Mama akaendelea: Mzungu anasema kule Talatala palikuwa na mtoto mkekani. Nikarudia. Mzungu anasema yule mzee hakuombwa funguo kwa kudharauliwa. Wanaompenda wanataka awe anafika nyumbani. Nikarudia huku nalia, na sikuona aibu kulia.

Babu aliliacha tangazo liishe na lingine lianze. Kisha akaniambia, kwa utaratibu wa mtu anayejua kanuni za mazungumzo, “Muulize huyo Mzungu, mimi nitarudije Busale?”

Nilinyoosha shingo dirishani nikauliza, ingawa Mama alikuwa hatua mbili kutoka pale na alikuwa amesikia.

“Mzungu anasema mwanawe ana leseni,” alijibu. “Na kila Jumapili atafuatwa.”

Babu akaingiza mkono kwenye koti. Akazitoa funguo, akazishika kidogo kiganjani, akanipa. “Mpelekee Mzungu wako,” alisema. Nilizunguka nyumba mbio nikamkuta Mama amechuchumaa kwenye maji ya vyombo, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, mikono ina povu. Nikamwekea funguo mkononi. Alizitazama, kisha akanivuta kwake, tukalowana wote wawili.

Babu aliendelea kuja kila Jumapili, ameketi upande wa abiria, akimkosoa Baba gia kwa gia. Mama aliendelea kunong'ona chini ya dirisha, nami sikuongeza wala kupunguza neno tena. Baba alikwenda na gunia la kakao kwa yule mama wa Talatala, na siku hizi mtoto yule ni mwalimu.

Sasa naishi Mbeya, na kipindi kile bado kipo, ingawa watangazaji wamebadilika. Watu wanatoa maoni yao mtandaoni usiku na mchana: wengine wanasema kimepoteza ladha tangu wale wa zamani waondoke, wengine wanasema tangu mwanzo kilikuwa uongo uliopangwa. Bwana Lusekelo angefurahi. Mwaka jana nilikitafuta kipande cha yule mzee na fimbo, nikakipata. Nimesoma Kiingereza cha kutosha sasa. Yule mrefu hakusema lolote kuhusu kukabidhi funguo, wala kuhusu mtoto wa mtu. Alimtania baba yake kwamba amesoma herufi za duka la samaki badala ya kibao cha gari, wakacheka, na funguo zenyewe alikuwa akimrudishia mzee aende zake.

Nilimpigia Mama simu. Alicheka mpaka akakohoa. “Mwanangu,” alisema, “yule Mzungu alikuwa na mdomo wa kusema mbele ya babu yako, na mimi nilikuwa na la kusema. Tulisaidiana.”

Mimi na baba mkwe wangu hatujui mambo ya dirisha. Tunakula meza moja, ananiita mwanangu, ananitumia vichekesho kwenye simu. Jumamosi huja kuwachukua wanangu kwa gari lake, ambalo tangu mwezi uliopita lina mikwaruzo mipya upande wote wa kushoto. Namkaribisha chai, namwuliza habari za afya, ananijibu njema. Mdomo ninao, na yeye yuko mbele yangu. Bado sijasema.