Kopo la Risasi la Mama Agathe

Mama mkwe wangu, Mama Agathe, aliweza kushika kichwa cha mnyama, akakizungusha mara moja mikononi, akakwambia aliyempiga alisimama upande gani na kama mnyama aliteseka. Si kwamba namsifu kwa sababu ameshakufa. Nasema kwa sababu nilimjua hivyo vizuri kabisa, na bado nikajaribu kumdanganya. Mtu mwenye akili timamu angetafuta mwingine wa kumdanganya.

Alikuwa mtu wa Bule, kijiji cha Djugu, mke wa Michel, mkulima wa maharagwe aliyekuwa mwindaji pia. Katika ukoo wao, mwanamume akiua mnyama wa porini, kichwa hupelekwa kwa mama wa mke wake. Ni heshima, na papo hapo ni ukaguzi. Miaka mingi Michel alivipeleka vichwa kwa mama mkwe wake, mamake Agathe, na kwa kuwa bibi yule macho yalimsumbua, Agathe ndiye aliyevisafisha. Alianza kwa kufungua mdomo. Akikuta majani bado yako kati ya meno, alifurahi, maana mnyama alikufa akiwa anakula, bila kujua lolote. Akikuta povu na damu, alinyamaza siku nzima, na Michel alijua kwa nini. Risasi alizozichokoa alizitia katika kopo la maziwa ya unga. Nyingi zilikuwa punje za bunduki kubwa, kalibre douze, ambayo fataki yake moja hutawanya punje kadhaa.

Mimi ni Kamate, muuza misumari na mabati, Mnande wa Butembo. Nilikuja mji wa Bunia kwa biashara nikamwoa binti yao Débora. Kwetu sikuwahi kuwinda hata panya. Michel alipofariki, mjane wake alihamia mtaa wetu wa Nyakasanza, karibu na sisi, akapata shamba dogo bondeni, upande wa mto Shari. Siku moja akanipa karabini ya marehemu, ile ndogo, vingt-deux, inayotoa risasi moja tu, ndogo kama punje ya mhindi. Alinipa na karatasi zake zote. Hakuniwekea mkononi, kwa sababu kwao mama mkwe na mkwe hawagusani wala hawakai pamoja; aliilaza juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua mbili.

“Papa Joëlle,” akasema, kwa jina la binti yangu wa kwanza, “hii bunduki iko ya kanga na njiwa. Usipigake nayo mbawala.”

Mbawala ni swala wa vichakani, mwenye madoa meupe ubavuni, mzito kushinda mbuzi dume. Nikauliza kwa adabu, macho chini, kama kweli risasi ile haimuui.

“Inamuuaka,” akajibu. “Lakini inamuuaka pole pole.”

Maneno yale yalikuwa mafupi, hata mtoto angeyakumbuka. Lakini mwanamume anayepewa bunduki ya kwanza akiwa na miaka arobaini huwa haambiliki. Kila Jumamosi nilikwenda kupiga kanga, na baada ya miezi sita nilikuwa profesa dukani kwangu. Mteja alikuja kununua kufuli, nikamfundisha kwamba douze ni ya watu wasiojua kulenga, kwamba mimi, kwa hatua hamsini, nyuma ya sikio, ningemwangusha mbawala kwa vingt-deux kama gunia. Hakuna aliyeniuliza. Walitaka kufuli tu.

Ilikuwa mwaka 2016, kabla vita havijarudi Djugu. Mwaka ulikuwa umetimia tangu Michel afe, na jamaa wakapanga siku ya kutoa matanga. Mama Agathe alisema angependa wageni wale mbawala, kama zamani za mume wake. Mimi nikadakia mbele ya watu wote kwamba nitamleta.

“Na bunduki gani?” akauliza.

Nikasema nitaazima douze. Nilisema hivyo, na pale pale nilijua sitaazima. Ningeendaje kuomba bunduki kwa wale wale niliowacheka dukani?

Siku moja kabla ya sherehe, saa tisa mchana, nilimpata mbawala jike bondeni, anakula pembeni ya kichaka. Nilisema moyoni ni hatua hamsini. Pengine zilikuwa sabini. Sikuhesabu vizuri kwa sababu nilitaka ziwe hamsini. Nikalenga nyuma ya sikio. Nilipokaza kidole, akainua kichwa. Mlio ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu kinavunjika, na mnyama akaruka. Nikaliona taya lake la chini linaning’inia kabla hajaingia kichakani. Siwezi kusema sikuliona.

Nilifuata damu. Tone juu ya jani, tone juu ya jiwe, mpaka kwenye kijito. Ng’ambo ya kijito sikuona kitu. Débora alishanisimulia kwamba baba yake akijeruhi mnyama harudi nyumbani mpaka ampate, hata kama ni kesho yake. Mimi nilikaa juu ya jiwe, nikaangalia saa. Kumi na moja. Nikafikiria wageni, nikafikiria shati langu jeupe lililopigwa pasi. Nikajiambia huyu atakufa sasa hivi, hatateseka sana. Nikageuka, nikarudi nyumbani. Kupiga vibaya kunaweza kumpata yeyote. Kule kugeuka ndiko ninakokuonea aibu mpaka leo.

Asubuhi na mapema nilikwenda sokoni kwa wamama wanaouza nyama ya porini, nikanunua mapaja mawili na mbavu za mbawala. Kichwa kilikuwa kimeshauzwa. Nikampelekea Débora katika beseni, nikamwambia nimeua. Akainamia beseni, akaanza kuosha. Mimi nikatoka nje kupokea pongezi.

Mama Agathe alikuwa ameketi jikoni, kisu mkononi, trei tupu mbele yake.

“Kichwa iko wapi, Papa Joëlle?”

“Ilipasuka, Mama,” nikajibu. “Risasi iliharibisha yote. Niliitupa.”

Hebu fikiria. Risasi ya kiasi cha punje ya mhindi ipasue kichwa kizima, kisibaki hata cha kuonyesha. Na maneno hayo nayapeleka kwa mwanamke aliyechokoa risasi vichwani maisha yake yote. Aliweka kisu chini. Kisha akasema, “Aksanti, Papa Joëlle,” akaigeuza trei juu chini. Wageni wakala, wakalamba vidole, na mchungaji akaibariki mikono yangu.

Siku kumi na moja zilipita. Siku ya kumi na mbili Mama Agathe aliniita kwake, nyuma ya jiko, na gunia lilikuwa miguuni pake. Aliniambia alimkuta mbawala asubuhi ile katika maharagwe yake, amesimama, mbavu zote nje. Hakukimbia. Alikuwa anasukuma pua kwenye majani, na majani yanaanguka tu.

“Iliniangalia,” akasema. “Nikaimaliza na jembe.”

Akatoa kichwa katika gunia, akagonga ardhi kando yake kwa kiganja: nikae hapo. Mkwe hakai pale. Nikakaa. Akafungua mdomo wa mnyama mbele yangu. Hapakuwa na jani hata moja. Taya lilikuwa limeoza, na harufu yake nikiitaja sasa inarudi. Akaingiza ncha ya kisu mfupani, akachokoa kidogo, akatoa kipande cha risasi. Kisha akanishika mkono, yeye ambaye hakuwahi kunigusa tangu nimwoe binti yake, akakiweka kiganjani mwangu.

Nilitamani anitukane. Mimi kwa matusi nina majibu.

Akamimina kopo lake juu ya gunia. Kati ya punje za douze mlikuwa na risasi moja ndogo kama yangu.

“Hii iko ya Michel,” akasema. “Ule mwaka alinioa. Bunduki iko ile ile. Naye alipiga mu taya. Lakini yeye alifuata siku mbili, alilala mu pori, akaipata. Na alinieleza kabla niwashe moto.”

Ndipo nikaelewa kwa nini karabini ile ilibaki ya kanga na njiwa. Nikaanza kumwomba msamaha, naye akanikatiza kwa mkono.

“Usiniombe miye. Ambia bibi yako, Débora. Miye sitamwambia, ni weye utamwambia.”

Nikachimba shimo nyuma ya jiko, nikakifukia kile kichwa. Yeye akaitia risasi yangu katika kopo, karibu na ya mume wake, akafunga.

Sikumwambia Débora. Nilisema nitamwambia Jumapili, Jumapili ikapita na mpira. Nilisema Krismasi. Kisha vita vikarudi, watu wa Bule wakajaa mjini na magodoro vichwani, nani angeanza habari za mbawala? Karabini niliisalimisha kwa wakubwa pamoja na karatasi zake, na majirani wakanisifu kwamba ni mtu wa amani. Nikapokea na sifa hiyo. Mama Agathe alikuja kwetu kila wiki, akala, akawabariki watoto, na mlangoni aliniangalia mara moja tu, bila kuuliza. Nilianza kuwa na kazi nyingi dukani siku alizokuja.

Alikufa mwaka jana, na mali yake ilikuwa haba. Kopo likaja kwetu. Jumapili moja baada ya ibada Débora alilimimina mezani, akatenga risasi mbili ndogo kwa kidole.

“Papa Joëlle, hizi mbili ziko za nani?”

“Moja iko ya baba yako,” nikasema.

Akangoja. Nje watoto walikuwa wanapigania baiskeli, na nilitamani mmoja aanguke aniite. Hakuanguka mtu.

“Ingine iko yangu,” nikasema, na nikamweleza yote: taya, kijito, saa yangu, soko, trei ya mama yake, jembe. Aliniacha nimalize. Nilipomaliza akasimama, akaingia chumbani, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Akalifungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na punje moja ya risasi, punje ya douze, imepauka kwa kukaa.

“Hii niliitoa mu nyama yako siku ya matanga, nikiwa nasafisha mu beseni,” akasema. “Karabini ya papa haipigake punje.”

Akaitia katika kopo pamoja na zingine, akalifunga. Alikuwa ameiweka miaka tisa. Tangu asubuhi ile, kabla sijaingia jikoni kumdanganya mama yake, mke wangu alikuwa anajua.