Ukanda wa Damu ya Mzee

Harufu ya rangi mbichi siivumilii mpaka leo. Wiki iliyopita fundi alifungua ndoo uwanjani kwa nyumba yetu ya Merrylands, huku ughaibuni, tunayoirembesha iuzwe, nikalazimika kwenda kukaa garini.

Ni nyumba ya tofali ya zamani, zile zilizojengwa nusu juu nusu chini; ukishaingia mlangoni tu, ni upande ngazi au ushuke. Baba alipoinunua alipaka tofali zote nyeupe, akang'oa vyuma vya kibaraza, akajiona fundi wa usasa. Mama aliitazama siku mbili. Ya tatu, akitoka zamu hospitalini, alirudi na ndoo ya rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea, akaizungushia nyumba nzima ukanda kutoka chini hadi kiunoni, kama nyumba za kwao Bungoma, ili tope la mvua lisionekane. Tope lenyewe liko wapi? Pembeni kote ni saruji! Lakini kila Jumamosi aliufuta ukanda ule kwa kitambaa, akiimba.

Mimi, wa miaka kumi na mmoja, nilikuwa nakufa kwa aibu. Watoto wa jirani waliuliza kwa nini nyumba yetu imevaa soksi.

Kisha nyanya, mama yake Mama, akafariki, Mama akasafiri kumzika. Nikamng'ang'ania Baba.

"Dad, please, let's paint it grey. Everyone's is grey."

"Na mum akirudi?"

"She'll love it! It's a surprise."

Baba hakuniweza kamwe. Siku mbili tulipaka kijivu juu hadi chini, ukanda nikiupaka mimi mwenyewe.

Mama alirudi macho yamevimba. Alisimama kando ya sanduku la barua, begi mkononi, akiukagua ukuta toka juu hadi chini. "Imependeza," akasema, akanikumbatia. Jumamosi hiyo hakuimba, wala zilizofuata.

Nilidhani ni msiba wa nyanya tu. Mwaka jana, tulipomzika Mama mwenyewe, nilikuta kabatini picha ya nyanya ameketi nje ya nyumba yake ya Bungoma, ameegemea ukanda wa damu ya mzee. Nyuma ya picha Mama alikuwa ameandika: "Wajomba wameibomoa nyumba ya mama baada ya matanga."

Nililia sakafuni pale pale. Safari nzima ya ndege ya kurudi, Mama alikuwa akijua amebakiwa na ukuta mmoja wa aina ile duniani, huu wetu, nami nilikuwa nimeufunika kwa mikono yangu, nikisimama mlangoni nikingoja kusifiwa. Naye alinisifu.