Umecheka, Sasa Beba

Ko, ko, ko! Mwiko kwenye ukingo wa sufuria kubwa. Kila Jumamosi mlio huo uliniita jikoni kwenye msikiti mmoja wa Amerika, na hata leo, nikiwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Isevya, Tabora, nikifumba macho nausikia. Lakini mwanangu, ninayoikumbuka zaidi ni siku moja ambayo mwiko ule haukugonga.

Usinitafute mvi kwanza. Bado chache, nazihesabu kama mbuzi wa maskini. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mengine nimeyaokota njiani. Ila kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeishi sehemu mbili, kwa hiyo naomba unihesabie mara mbili.

Nilifika Amerika nikimfuata mume wangu Idrisa, aliyekuwa dereva wa malori makubwa. Yeye akiwa barabarani wiki nzima, mimi nabaki kwenye mji mdogo wa baridi, mji wa viwanda vilivyofungwa. Nilikuwa msichana wa ndoto nyingi. Nilidhani nitakuta msikiti wenye mnara na kuba, adhana inapaa hadi barabarani. Idrisa akanipeleka kwenye jengo la bati na matofali lililowahi kuwa duka la fanicha. Herufi za duka zilikuwa zimebanduliwa ukutani, ila kivuli chake bado kilisomeka: MAKOCHI NA VITANDA.

"Ndiyo msikiti huu?" nikauliza.

"Ingia kwanza," akasema Idrisa, "kisha ukatae."

Niliingia. Mwanangu, niliwakuta Wasomali, Wapakistani, Wabosnia weupe kama unga wa muhogo, Wagambia, na Wamarekani weusi ambao baba zao na mama zao walizaliwa hukohuko. Nikasimama nimeduwaa, halafu nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimesafiri siku mbili angani kuja kukuta Tabora! Si ndivyo mji wetu ulivyoanza? Misafara ya kutoka pwani na ya kutoka ziwani inakutana, kila mtu na lugha yake, mzigo wake, namna yake ya kupika wali, na wote lazima walale mahali pamoja.

Mwenye jiko la msikiti alikuwa Mama Khadija. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, aproni ya zambarau haimtoki kiunoni. Yeye na wenzake walianza kuswali sebuleni kwake, wakahamia chumba kimoja juu ya kinyozi, na mwishowe wakalipata lile duka kwa kuuza samaki wa kukaanga na pai kila Ijumaa kwa miaka mingi. Sakafu yake ilikuwa imeganda gundi ya zulia kuukuu. Waliikwangua kwa visu, wamepiga magoti, mpaka vidole vikatoa damu. Wenzake walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Alibaki yeye, na kila Jumamosi alipika chungu cha mtaa mzima. Mwislamu, Mkristo, asiye na dini, mlevi wa kona, wote walipanga mstari mmoja.

Mkono mtupu haulambwi. Siku ya kwanza nilimpelekea asali ya Tabora na matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kuchemsha na kuanika. Akatafuna tobolwa moja muda mrefu, akanitazama juu ya miwani.

"Sista Zuhura, hiki ni chakula au ni adhabu?"

"Ni chakula cha wapagazi, Mama. Kinakufikisha pwani."

"Meno ndiyo hayafiki!"

Nikacheka, na hapohapo nikamweleza juu ya utani. Nikamwambia babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka baharini, wakipita nchi za watu, na ili wapite salama wakafanya undugu wa kutaniana na wenyeji wa njiani, Wazaramo na wengineo. Mtani wako unamwambia lolote, hakasiriki. Naye akipata msiba, unafika wa kwanza.

"Basi mimi kabila gani?" akauliza.

"Wewe ndiye Mzaramo wangu."

"Mzaramo ni nani?"

"Ni mtu ninayeruhusiwa kumwambia kwamba amezeeka."

Alicheka hadi miwani ikaanguka kwenye vitunguu. Tangu siku ile nikawa mtani wake.

Lakini si yote yalikuwa kicheko. Kuna siku tunamenya vitunguu akaniuliza taratibu, "Njia hiyo ya kwenu, watu nao walipitishwa? Wamefungwa?"

Nikasema ndiyo. Pembe na watu. Nikamwambia na lile ambalo kwetu tunalisema kwa sauti ya chini: baba yangu asili yake ni Oman, mama yangu Mnyamwezi, kwa hiyo huenda wahenga wangu wengine walikuwa ndani ya mnyororo na wengine ndio walioushika. Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu.

"Mkono wako leo umeshika kisu na kitunguu," akasema mwishowe. "Menya, mwanangu. Watu wana njaa."

Basi. Wapo wanaohubiri saa nzima, wasifike alipofika yeye kwa maneno hayo machache.

Mama Khadija alikuwa na kiu moja tu. Alizaliwa katika familia ya Wabaptisti akiitwa Clara, na alikuwa na mdogo wake, Dorothy, aliyeimba kwaya kanisani, mitaa michache kutoka msikitini. Tangu Clara alipoitwa Khadija, Dorothy hakukanyaga msikiti. Hawakugombana. Walipigiana simu, waliuguzana. Lakini kila Ramadhani Khadija alimwalika futari, na kila Ramadhani Dorothy alipata udhuru. "Natamani aingie humu siku moja," Mama Khadija aliniambia. "Si lazima aswali. Aone tu sakafu niliyoikwangua."

Akafa majira ya baridi, usingizini, bila kuumwa. Na Dorothy alikuwa hajaingia.

Siku ya janaza ndiyo hiyo ambayo mwiko haukugonga. Tulikuwa wanawake wengi jikoni, tunapikia msiba, na hakuna aliyesema neno. Kwetu msiba una sauti, mwanangu. Kule palikuwa kimya, maji tu yanachemka. Dada Farhana, Mpakistani mmoja mpole aliyekuwa akikoroga dengu, alikuwa analia bila kujifuta. Nikaiona ile aproni ya zambarau inaning'inia kwenye msumari wake.

Nikafanya ambalo mtu wa Tabora tu angelifanya. Nikaivaa.

Nikashusha miwani ya kufikirika hadi nchani mwa pua. Mkono kiunoni, mguu mmoja naburuta kidogo kama yeye, nikapita katikati ya jiko nikifunua masufuria na kufoka kwa sauti yake: "Nani kachukua mfuniko wangu? Eh? Semeni! Peponi hawaingii wezi wa mifuniko!"

Kwetu, mtani akifanya hivyo, wafiwa hucheka huku wanalia, na moyo hupata pa kupumulia. Kule? Mwiko wa Dada Farhana ulianguka sakafuni.

"Astaghfirullah, Zuhura! Maiti hata hajaswaliwa!"

Macho yote kwangu. Mwanamke mmoja akageuka akaniangalia kama aliyemwona mwizi wa sanda. Nikasimama na aproni ya marehemu mwilini, nikatamani sakafu ile iliyokwanguliwa ifunguke. Nilikuwa nimesahau jambo moja: utani tuliufunga mimi na Mama Khadija, hawa wengine hawakuwemo kwenye mkataba.

Ndipo mtu akacheka.

Kicheko kilitoka mlango wa nyuma, ule wa kushushia vyakula. Pale palikuwa na mama mtu mzima, koti jeusi, kofia ya kanisani yenye ua, mikononi ameshika pai ya viazi vitamu iliyofunikwa kitambaa. Theluji ilikuwa imemjaa mabegani, maana yake alikuwa amesimama nje muda mrefu, hajui abishe au arudi. Alicheka huku anatetemeka, machozi yanamtiririka.

"Huyo ni Clara," akasema. "Huyo ni Clara mtupu! Hata kwa mama yetu alikuwa anatufokea juu ya mifuniko."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Pua yake ilikuwa ileile ya Mama Khadija.

"Nilikuwa naondoka," akaniambia baadaye. "Niliona mmenyamaza hivyo, nikasema hapa sina nafasi. Halafu nikamsikia dada yangu anafoka."

Dada Farhana ndiye aliyetangulia kwenda mlangoni. Akaipokea pai kwa mikono miwili, akainusa, akasema, "Karibu ndani, dada, unaganda." Akamkung'uta theluji mabegani kwa upande wa mtandio wake. Jiko zima likafunguka kama kopo. Kila mtu akawa na kisa chake cha mfuniko. Mwanamke aliyeniangalia kama mwizi akakiri kwamba mmoja uko kwake mpaka leo.

Sasa mwanangu, hapa ndipo nilipomkumbuka bibi yangu, Bi Mwajuma.

Bibi alizaliwa Urambo kwa Wakristo wa Moravian, akiitwa Nyamizi. Alisilimu alipoolewa hapa mjini, na kaka yake, mzee wa kanisa, hakuacha kumwita Nyamizi wala kuja Idi kula kwake. Krismasi Bibi alikwenda Urambo, na kuku wa sikukuu walimngoja mjomba wetu Mwislamu awachinje, ili pasiwe na mtu wa kukaa pembeni akiangalia wenzake wanakula. Hayo kwetu hata hayaitwi mapenzi ya dini mbalimbali. Yanaitwa chakula.

Nikiwa mdogo, Mzaramo jirani yetu alifariki, watani wakaja kumwigiza. Nami nikajitosa, nikamwigiza anavyokohoa, watu wakanipigia makofi. Ilipofika zamu ya kuchota maji nikateleza kwenda kucheza. Bibi akanikamata sikio.

"Umecheka, sasa beba."

"Bibi, mimi mdogo."

"Mdomo wako mbona mkubwa? Utani bila mzigo ni uhuni. Ndoo ile pale."

Nilichota maji mpaka jua likazama.

Basi siku ile, mbele ya wale wanawake, nilijua nimeshacheka. Kilichobaki ni kubeba. Nikamshika Dorothy mkono, nikampitisha kwa kina mama waliomwosha dada yake, akamwona, akambusu paji la uso. Nikamtafutia kiti nyuma ya safu zetu. Imamu wetu, kijana wa Kisomali, alipopata habari alimpa pole kwa heshima, akatangaza kwamba ndugu wa marehemu yupo, na msikiti mzima ukamwombea yeye pia. Wakati wa swala Dorothy alisimama tulipokuwa tumesimama, kofia yake yenye ua ikiwa juu ya vichwa vyetu vyote.

Swala ilipokwisha akaninong'oneza, "Sakafu iko wapi?"

Nikapiga magoti pembeni ya ukuta, nikainua ncha ya zulia. Saruji ya kijivu, yenye michirizi ya visu, mingi, inakwenda huku na huku. Dorothy akavua glavu, akainama kwa tabu, akapitisha vidole juu ya michirizi ile taratibu kama mtu anayempapasa mtoto mgongo. Na mimi, mwenye mdomo mkubwa, nikamshikia zulia.

Jumamosi iliyofuata alikuja na wanakwaya wenzake, wakamenya viazi. Mpaka mimi na Idrisa tunarudi Tabora chungu kile kilikuwa hakijakosa Jumamosi hata moja, na watoto wa Kisomali walikuwa wamejifunza kumwita Dorothy "mtani." Naona fahari, mwanangu, sikufichi. Naona fahari kwa wanawake wale weusi waliokwangua msikiti kwa visu ili sisi wageni tuje kukuta pa kuweka paji la uso. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema, lakini kule wenyeji ndio walioniponya. Na naona fahari kwa Tabora yangu, kwamba katika mizigo yote iliyobebwa kwenye njia ile, myema na miovu, ulikuwepo na huu mmoja mwepesi, na mimi nimeufikisha mbali kuliko mpagazi yeyote.

Kwa hiyo wewe unayefunga sanduku lako, uende Amerika au uende Kaliua tu hapa, sikiliza. Usisubiri mnara ndipo uamini kwamba umefika msikitini. Tazama nani anapika, ukamsaidie. Mila yako usiione aibu, ila kumbuka wenzako hawakufundwa na bibi yako, waeleze kwanza. Ukimwona mtu amesimama mlangoni na sahani, usimuulize dini yake, mpokee sahani. Na ukishacheka na watu, beba nao. Najua masheikh wengine hawaupendi utani wa msibani, sibishani nao. Mimi nakuachia ile ndoo ya maji ya Bibi, hiyo haina mgogoro na mtu.

Mungu akupe miguu ya wahenga wako na roho nyeupe kuliko zao. Akujaalie kila unakofika ukute mlango wa nyuma uko wazi na chungu kiko motoni. Na siku ukirudi, tukutane sote tukiwa wazima, tucheke. Amina.

Na siku ile ya janaza iliishaje? Watu walikwenda makaburini, wakarudi, wakala, wakatawanyika kabla ya magharibi. Mimi nilibaki kuosha masufuria. Nilipomaliza nikaivua aproni, nikaikunja, nikairudisha kwenye msumari wake. Kisha nikauchukua mwiko wa Mama Khadija, nikatazama huku na huku kuona kama nipo peke yangu, nikaugonga kwenye ukingo wa sufuria tupu. Ko, ko, ko.