Kitabu Kilichokuja kwa Jina Langu

Siku ile ofisini tulikuwa watatu: mwalimu mkuu, mdogo wangu na mimi. Leo nimefungua katoni ya madaftari dukani kwangu Mlandizi, na harufu ya gundi na karatasi mpya ikanirudisha pale.

Vitabu vya ruzuku ya serikali vilikuja kwa orodha ya majina ya wanafunzi wa mwaka uliopita. Langu lilikuwemo, ingawa nilishaacha shule mama alipofariki, nikawa nauza mihogo. La mdogo wangu, aliyehamia shuleni hapo mwaka huo kutoka Kigoma bila kujua Kiingereza, halikuwemo.

“Mpe yeye kitabu changu, mwalimu. Bila kitabu atafeli.”

“Saini wewe, muuza mihogo. Ila kitabu hiki serikali imemnunulia mwanafunzi. Utanilipa kwa kurudi darasani.”

“Nitarudi, mwalimu.”

Nikasaini. Mdogo wangu sasa anafundisha Kiingereza huko Kisarawe. Mimi bado sijarudi.